Homa ya uti wa mgongo: tunatibu tusichokipima

Aprili 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia nzima kuhusu kupima, kutibu na kuwahudumia watu wanaougua homa ya uti wa mgongo. Huku kwetu ulipita kimyakimya. Wachache walioutaja waliuunganisha na chanjo mpya iliyoanza kutolewa Nigeria mwaka mmoja kabla yake, na msomaji wa Dodoma, Mombasa au Bukavu akabaki na picha kwamba hili ni jambo la nchi za Sahel, na kwamba limeshapata ufumbuzi. Nadhani tumeusoma visivyo. Ukiuondolea lugha ya kitaalamu, mwongozo ule unarudi mara kwa mara kwenye kazi moja ambayo hospitali ya wilaya inaiweza na mara nyingi haiifanyi: kumtoa mgonjwa maji ya mgongo mapema, ikiwezekana kabla ya dozi ya kwanza ya dawa, na kuyapima palepale. Kazi hiyo ilianza kufanywa na daktari wa Kijerumani, Heinrich Quincke, mwaka 1891. Haihitaji umeme wala mkopo wa nje. Hoja yangu ni kwamba dawa ya ugonjwa huu tunayo, na tunaitumia kwa kubahatisha kwa sababu tunaogopa sindano. Woga huo uko kwa daktari kama ulivyo kwa ndugu wa mgonjwa, ila wa ndugu ndio unaosemwa.

Jina lenyewe limetuponza kidogo. Ukisema homa ya uti wa mgongo mtu hufikiria mifupa. Na siku hizi, kwa jinsi kila homa inavyopachikwa jina la UTI, wapo wanaosoma neno "uti" wakadhani ni habari za mkojo. Ugonjwa hauko kwenye mfupa wala kwenye kibofu. Ubongo, pamoja na ugwe, yaani ule mkonga wa neva unaoshuka ndani ya pingili za mgongo, vimefunikwa na tando tatu nyembamba, na katikati ya tando hizo yanazunguka maji maangavu. Bakteria wakiingia humo wanakuta uwanja mtupu, kinga ya mwili ni haba, wanazaana upesi, tando zinavimba na presha ndani ya fuvu inapanda. Mtu mzima atalalamika kichwa, homa, shingo ngumu, mwanga kumuumiza macho, kisha ataanza kuchanganyikiwa. Kichanga hana hata dalili hizo: anakataa kunyonya, analia kilio chembamba, utosi unatuna, pengine anapoa badala ya kuchemka. WHO inakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 2.5 waliugua homa hii kwa visababishi vyake vyote, milioni 1.6 kati yao kwa bakteria, na karibu 240,000 walikufa. Kwa aina ya bakteria, mmoja kati ya sita hufa, na mmoja kati ya watano hubaki na athari nzito: ukiziwi, kifafa, kiungo kilichopooza, mtoto aliyekuwa akihesabu mpaka ishirini sasa hafiki tano.

Kuhusu Sahel, ni kweli kwamba ukanda wenye milipuko mikubwa unaanzia Senegal na kuishia Ethiopia. Lakini orodha ya WHO ya nchi 26 zilizo hatarini inazitaja pia Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Chanjo dhidi ya meningokokasi (bakteria wa milipuko hiyo) aina ya A, iliyoanza kutolewa kwa wingi Burkina Faso, Mali na Niger mwaka 2010, ilifanya kazi kiasi kwamba tangu 2017 aina hiyo haijaonekana tena katika ukanda ule. Chanjo mpya, Men5CV, inakinga aina tano kwa mpigo: A, C, W, Y na X. Ni mafanikio ambayo sina sababu ya kuyapuuza. Ila meningokokasi ni mmoja tu wa wahusika, na katika wodi zetu hayuko mstari wa mbele nje ya msimu wa mlipuko. Tunaokutana nao zaidi ni bakteria aitwaye pneumokokasi kwa watoto na watu wazima, vimelea vya njia ya uzazi na vya wodi kwa vichanga, na kwa watu wenye VVU fangasi aitwaye kriptokokasi pamoja na kifua kikuu cha ubongo. Hao wote kwa mlangoni wana sura moja: homa, kichwa, shingo, kuchanganyikiwa. Ongeza na malaria kali, ile tunayosema imepanda kichwani. Madaktari wa Kilifi walishaonyesha zamani kwamba mtoto aliyepoteza fahamu akiwa na vimelea vya malaria kwenye damu anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo wakati huohuo, na kwamba kwa macho na mikono peke yake huwezi kuwatenganisha.

Kilifi hiyohiyo inatupa somo jingine ambalo wapenzi wa chanjo husahau. Kenya ilianza kutoa chanjo ya Hib, bakteria mwingine anayeleta homa hii kwa watoto, mwishoni mwa 2001. Kabla yake, katika eneo lile, watoto 66 kwa kila 100,000 walio chini ya miaka mitano waliugua magonjwa mazito ya bakteria huyo kila mwaka. Katika mwaka wa tatu wa chanjo walikuwa wamebaki chini ya 8. Tunazijua namba hizo kwa sababu watoto waliolazwa walitolewa damu na maji ya mgongo, yakaoteshwa maabara, bakteria akatajwa kwa jina. Tanzania ilipoanza chanjo hiyo mwaka 2009, hoja ilikuwa imeshashinda kwa ushahidi wa majirani. Kwa hiyo anayesema chanjo imeondoa haja ya kutoa maji ya mgongo amekata tawi alilokalia. Chanjo ijayo nayo itahitaji mtu aonyeshe ni nani anayewaua watoto wetu leo.

Na pale tusipoonyesha, tunalipa. Septemba 2021 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa homa hii Banalia, jimbo la Tshopo, kaskazini ya Kisangani. Siku ya tangazo walishahesabiwa wagonjwa 261 walioshukiwa na maiti 129, nusu nzima. Wagonjwa wa kwanza walikuwa wameanza kuonekana katikati ya mwaka. Uthibitisho kwamba ni meningokokasi ulitoka Paris, Institut Pasteur. Mlipuko ulipokwisha wagonjwa walioshukiwa walikuwa zaidi ya 2,500 na waliokufa kama 200. Sitaki kudanganya kwa namba: sehemu ya unafuu huo ni hesabu, maana mara mlipuko ulipopata jina hata wagonjwa wepesi walianza kuandikishwa. Lakini sehemu nyingine ni kwamba jina lilileta dawa sahihi, chanjo, na watu waliojua wanatafuta nini. Kati ya kijiji na Paris kulikuwa na safari ndefu ya kichupa kimoja.

Tuiangalie sasa sindano yenyewe, kwa karibu. Mgonjwa hulazwa ubavu akiwa amejikunja, magoti yamekaribia kidevu, au huketi ameinama amekumbatia mto. Anayefanya kazi anapapasa ncha za mifupa ya nyonga kulia na kushoto, anavuta mstari wa kufikirika kati yake. Mstari huo hupita karibu na pingili ya nne ya kiuno. Hapo, au nafasi moja juu yake, sindano ndefu nyembamba inaingia. Ugwe wa mtu mzima umeishia juu zaidi, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji kama mwani, na ncha ikizigusa husogea. Maji yanadondoka tone kwa tone kwenye kichupa. Yakiwa maangavu kama ya mvua, ni habari moja. Yakiwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, daktari ameshapata jibu la kwanza kabla ya kumwita mtu wa maabara. Kinachochukuliwa kwa mtu mzima ni vijiko viwili vya chai, na mwili, ambao una kama mililita 150 za maji hayo na hutengeneza karibu nusu lita kwa siku, umekirudisha ndani ya nusu saa hivi. Chini ya hadubini, rangi ya Gram ikishapakwa, pneumokokasi huonekana zambarau, wawili wawili. Meningokokasi huonekana pinki, nao wawili wawili, kama punje za maharage zilizotazamana.

Mahali hapohapo pa kiuno ndipo inapochomwa ganzi ya mgongo kwa mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua. Inachomwa kila siku ya Mungu, kuanzia hospitali za wilaya hadi za rufaa. Wanawake wengi huilaumu kwa maumivu ya kiuno, lakini sijapata kusikia ukoo umekaa kikao cha kuikataa. Tofauti iko kwa anayechomwa na wakati anaochomwa. Mama wa upasuaji huingia akiwa mzima na hutoka na mtoto. Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo huchomwa akiwa hajitambui, baada ya siku tatu nne za dawa za malaria, za maombi, na za zahanati mbili. Ikiwa mmoja kati ya sita atakufa kwa vyovyote, na hao wanaocheleweshwa ni wengi zaidi, basi kila mtaa lazima uwe na mtu "aliyetolewa maji akafa". Yule ambaye hakutolewa akafa vilevile hasimuliwi, maana kifo chake hakikuacha sindano ya kulaumiwa. Kwetu pia woga huu ulikuta mwingine wa zamani, kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hafiki asubuhi. Watafiti walioishi Bagamoyo miaka ya 1990 waliuandika. Bibi zetu hawakuwa na haja ya kusubiri watafiti.

Nimewahi kukaa kwenye benchi hilo. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja ya wilaya ukanda wa pwani, mtoto wa binamu yangu, wa miaka minne, alifikishwa saa kumi jioni shingo imekakamaa. Dozi ya kwanza ya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, ilichomwa ndani ya nusu saa, na kwa hilo mpaka leo namshukuru daktari kijana aliyekuwa zamu. Kisha akatoka na karatasi. Akaamkia, "Shikamoo mzee," na bila kuketi akasema, "Tunaomba utie sahihi hapa, tunataka kumtoa mtoto maji mgongoni." Baba mkubwa aliitazama karatasi asiishike. "Mwanangu, akipooza utamlea wewe?" Daktari akasema atarudi. Alirudi baada ya saa nne, na katika saa hizo zote hakuna aliyekuja kutueleza sindano inaingia wapi. Katika daftari la wodi nadhani iliandikwa kwamba ndugu wamekataa. Mimi nilichosikia ni mzee aliyeuliza swali la maana, na swali likabaki hewani.

Wanaopinga mkazo huu wa kutoa maji hawako kundi moja, na si wote wa kupuuzwa. Kuna wanaosema: ugonjwa huu unaua kwa saa, mpe dawa, mengine baadaye. Hao wako sahihi kwa nusu ya kwanza, na mwongozo wa WHO uko upande wao: matibabu yasisubiri. Mtoto akiwa zahanati, saa mbili kutoka hospitali, achomwe dozi ya kwanza ndipo apakiwe kwenye gari. Tatizo ni lile neno "baadaye". Dawa ikishaingia, meningokokasi anaweza kutoweka kwenye maji ya mgongo ndani ya saa mbili, na pneumokokasi ndani ya saa chache zaidi. Chembe nyeupe na sukari hubaki zikitoa ushahidi kwa muda, ila jina la mhusika linakuwa limekwenda. Kwa hiyo palipo na mkono wa kuchoma dawa na mkono wa kuchoma mgongo ndani ya jengo moja, kazi hizo mbili zifuatane kwa dakika.

Kuna wanaosema seftriaksoni inaua wote, hivyo kumjua aliyehusika hakubadilishi kitu. Hii ndiyo hoja ninayoisikia zaidi na ndiyo dhaifu kuliko zote. Seftriaksoni haimgusi listeria, ambaye hupenda wajawazito, vichanga na wazee, na hutaka ampisilini. Haimgusi kifua kikuu. Haimgusi kriptokokasi. Katika wodi za vichanga kuna bakteria waitwao klebsiela ambao wameshaizoea. Hata pale inapofaa, muda wa kuitumia hutegemea jina: meningokokasi siku tano hadi saba, pneumokokasi siku kumi hadi kumi na nne, bakteria wa jamii ya salmonela wiki tatu au zaidi, la sivyo ugonjwa hurudi. Utafiti mkubwa uliohusisha watoto wa Malawi, Misri, Bangladesh, Pakistan na Vietnam, uliotolewa 2011, ulionyesha kwamba mtoto aliyekwisha kutengemaa siku ya tano anaweza kuacha dawa salama. Lakini hao walikuwa watoto ambao maji yao yalipimwa. Asiyepimwa hupewa siku kumi na nne kwa tahadhari, kitanda kimekaliwa, mama hajarudi shambani, na bili inapanda. Au hutokea kinyume chake, jambo ninaloliona baya zaidi: kwa kuwa hakuna aliyeandika jina la ugonjwa, mtu mzima huchomwa gramu moja kwa siku, kama anavyochomwa mwenye nimonia kitanda cha pili. Dozi ya homa ya uti wa mgongo kwa mtu mzima ni gramu mbili kila saa 12. Anapata robo ya dawa, na watu wanaamini anatibiwa.

Halafu kuna deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, ambayo kwangu ndiyo inayomaliza ubishi. Ulaya mwaka 2002 ilionekana kupunguza vifo vya watu wazima wenye homa hii ya bakteria kutoka asilimia 15 hadi 7. Madaktari wa Malawi wakaijaribu kwa watoto, majibu yakatoka mwaka huohuo: haikusaidia. Wakaijaribu kwa watu wazima, 2007: haikusaidia pia, zaidi ya nusu walikufa, waliopewa na wasiopewa. Wagonjwa wao walifika wakiwa wamechelewa na karibu tisa kati ya kumi walikuwa na VVU. Vietnam, 2004, dawa hiyohiyo ilipunguza vifo vya kifua kikuu cha ubongo. Kisha ukaja utafiti wa wagonjwa wa kriptokokasi wenye VVU katika nchi za Asia na Afrika, Uganda na Malawi zikiwemo. Ulisimamishwa kabla ya wakati, na majibu yaliyotolewa 2016 yalionyesha kwamba waliopewa deksamethasoni waliumia zaidi. Yaani dawa moja, wodi moja, dalili zilezile: huyu inamwokoa, yule haimsaidii, wa tatu inamdhuru. Daktari asiye na kichupa cha maji mkononi anachagua kwa msingi gani? Na kwa mwenye kriptokokasi sindano yenyewe ni tiba, kwa kuwa kutoa maji hushusha presha ya kichwani. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini wa 2014 ulikuta kwamba waliorudiwa kutolewa maji katika siku za mwanzo walikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa kiasi cha theluthi mbili kuliko wasiorudiwa. Sindano inayosemwa inaua ndiyo hiyo.

Kundi jingine ni la madaktari wenyewe, na huzungumza kwa sauti ya chini: bila picha ya CT ya kichwa, ukimtoa maji mwenye presha kubwa ubongo unaweza kushuka ukabana. Hatari hiyo ipo, sitaki kuifuta. Mwenye mboni za macho zisizolingana, aliyepooza upande mmoja, mwenye degedege lisilokoma, au aliye katika koma nzito, asubiri, dawa ikiendelea. Vivyo hivyo mwenye damu isiyoganda au jipu mahali pa kuchoma. Ila kutoka kwa hao wachache hadi kusema kila mtu apigwe picha kwanza ni mbali, na mashine za CT ziko katika hospitali chache, nyingi za mijini. Wanaodhani kwamba Wazungu hawathubutu bila picha waitazame Sweden. Mwaka 2009 wataalamu wa huko walilegeza masharti, wakaruhusu hata mgonjwa aliyechanganyikiwa kutolewa maji bila kungoja CT. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha wagonjwa wakianza tiba mapema zaidi, na vifo vikishuka kutoka asilimia 11.7 hadi 6.9. Kungoja picha kuliwagharimu watu ambao mashine ilikuwa chumba cha pili. Sisi ambao mashine iko mkoa wa pili tunaigaje sharti ambalo wenye nazo wamelilegeza?

Nadhani huko chini kabisa kuna sababu ambayo haiandikwi. Daktari kijana anayemaliza mafunzo akiwa ameifanya kazi hii mara mbili, mara zote chini ya macho ya mkuu wake, akipelekwa wilayani peke yake ataogopa, na ndugu wakisita kidogo atashukuru moyoni. Kusita kwao kunamfichia aibu. Tunasema mchelea mwana kulia hulia yeye, tukimlenga mzazi. Mwelekezee methali hiyo pia yule anayerudi na karatasi baada ya saa nne.

Hoja nzito kweli ni ya maabara. Kuna faida gani kutoa maji saa tatu usiku ikiwa mlango wa maabara umefungwa tangu saa tisa na nusu? Hapa sina jibu jepesi. Kuotesha bakteria kunataka vifaa, damu ya kondoo, umeme usiokatika na mtu aliyefundishwa, na hayo hospitali nyingi za wilaya hazina. Lakini si kila kipimo ni cha kuotesha. Kuhesabu chembe nyeupe kunahitaji hadubini ileile ya malaria na kigae cha kuhesabia. Rangi za Gram ni chupa nne. Makadirio ya sukari hupatikana hata kwa glukomita ya wagonjwa wa kisukari, ukiyalinganisha na sukari ya damu ya kidoleni. Kipimo cha ukanda cha kriptokokasi kinatoa jibu ndani ya dakika kumi hivi kando ya kitanda. Mashine za GeneXpert zilizonunuliwa kwa ajili ya kupima kifua kikuu kwenye makohozi zinapokea maji ya mgongo pia. Serikali ikitaka kujua fedha iweke wapi, mimi ningeanza na posho ya mtu mmoja wa maabara alale kazini usiku, kabla ya kununua mashine nyingine ya kuzinduliwa kwa utepe.

Kuukubali mwongozo huu kunabadilisha mambo ambayo hayataonekana kwenye hotuba. Trei ya kutolea maji iwe imefungwa tayari wodini, sindano, glovu na vichupa vitatu ndani yake, kama ilivyo trei ya kuzalishia. Matabibu wa vituo vya afya, ambao ndio madaktari wa wengi wetu, wafundishwe na waruhusiwe. Wanaofanya kazi ngumu zaidi ya hii wapo. Ridhaa iombwe na mtu aliyeketi, mwenye mchoro wa mgongo, akianza na ile ganzi ya upasuaji ambayo kila familia inaijua. Hospitali iulizwe kila robo mwaka: kati ya walioandikiwa homa ya uti wa mgongo, wangapi walitolewa maji, na baada ya saa ngapi? Na anayeruhusiwa asiondoke kabla masikio yake hayajapangiwa kupimwa, kama mwongozo unavyotaka, kwa sababu pneumokokasi huua usikivu kimyakimya, na mtoto asiyesikia huchukuliwa kuwa mtukutu mpaka darasa la pili.

Mtoto wa binamu yangu alipona. Sikio la kulia halisikii kabisa, la kushoto linasikia ukimsogelea. Baba mkubwa alitia sahihi saa mbili usiku, baada ya muuguzi mmoja mzee kumkalia karibu na kumwonyesha kwa kidole, mgongoni mwake mwenyewe, mahali sindano itakapopita. Haikuchukua dakika tano. Maji yalitoka yana ukungu, niliyaona. Maabara ilikuwa imefungwa, chembe zinazotakiwa kuhesabiwa huanza kupasuka ndani ya saa moja mbili, na hapo dawa ilikuwa imekwisha kufanya kazi saa nne. Muuguzi mwingine, kwa nia njema kabisa, alikifunga kichupa kwa plasta, akaandika jina la mtoto, akakiweka kwenye friji ya dawa kisiharibike. Miaka baadaye ndipo nilipojua kwamba maji ya mgongo yanayokwenda kuoteshwa hayawekwi kwenye friji, kwa kuwa baridi huwaua bakteria walewale wanaotafutwa. Asubuhi kilipelekwa hospitali ya mkoa. Siku ya tatu majibu yalirudi, mstari mmoja wa kalamu ya bluu: hakuna kilichoota.